Mercyline Nanyama na Maswali Yenye Harufu

Ijumaa tarehe 27 Februari 2026, saa kumi na moja jioni, Mercyline Nanyama atarudisha kitambulisho cha kazi, ubao wa kuandikia na mwavuli wa ofisi, akiwa ameitumikia Sikio Utafiti kwa miaka thelathini na miwili na siku kumi na moja. Mwavuli si lazima aurudishe. Umebaki na vijiti vitatu, na hakuna mtu mwingine ofisini anayejua kuufungua.

Nimeombwa niandike maneno haya kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Nilimtangulia kuajiriwa kwa miezi mitatu. Miaka ishirini na sita nimemwendesha kwa gari la ofisi, na hii sita ya mwisho nimekuwa getini, tangu daktari aseme kwamba macho yangu yanaona gari moja kama mawili. Ofisi iliamua kwamba dereva wa namna hiyo ni hatari, lakini mlinzi anayeona mwizi mmoja kama wawili hujiandaa vizuri. Shule niliachia darasa la sita. Mkikuta koma imekaa pabaya, isukumeni kando mwendelee.

Kwa wageni waliokuja kwa ajili ya pilau na hawajui tunafanya nini pale juu ya duka la magodoro, Riruta Satellite: kazi yetu ni kuuliza watu maswali. Unga gani mnapika, sabuni gani mnafulia, redio gani mnasikiliza. Na kila uchaguzi ukikaribia, kama kura ingepigwa leo mngempa nani. Mercyline alipanda zile ngazi Februari ya mwaka 1994, mwanamke wa miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Bungoma, mkazi wa Kianda kule Kibera, viatu vya raba miguuni na sauti ya kwanza ya kwaya kooni. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, marehemu Mzee Isaac, alimpa fomu na kumweleza namna ya kuijaza. Yeye akauliza:

“Na mtu akisema hajui?”

“Mbembeleze.”

“Nikimbembeleza atanipa jibu langu, si lake.”

Akaajiriwa hapo hapo. Mzee Isaac alipenda kusema kwamba alitambua kipaji. Mimi nilikuwepo, na naomba niseme pia kwamba siku hiyo hakukuwa na mwombaji mwingine.

Mtu asidhani kwamba alizaliwa anajua. Kosa lake la kwanza kubwa lilikuwa kubwa kweli, na naliandika hapa kwa ruhusa yake. Yeye mwenyewe amelisimulia mara nyingi kuliko maadui zake. Mwaka 1997 tulitumwa Kawangware kuuliza habari za diwani. Kanuni ilikuwa kubisha kila mlango wa kumi, ili mtu asichague nyumba anazopenda. Kanuni nzuri. Lakini ploti nyingi za Kawangware wakati ule zilijengwa kwa mtindo mmoja: vyumba kumi, vitano huku na vitano kule, ua katikati, bomba la maji uani. Nazijua vizuri kwa kuwa moja ni yangu, niliachiwa na baba. Na chumba cha kumi, kile cha getini, hukaa nani? Keateka, msimamizi wa ploti. Mercyline alihesabu milango kwa uaminifu siku mbili nzima, na karibu kila alipobisha aliyemfungulia alikuwa keateka.

Keateka husema anayotaka kusikia mwenye ploti. Nilimwajiri wangu kwa sababu hiyo hiyo. Basi tukatangaza kwamba diwani aliyekuwa kitini, rafiki mkubwa wa sisi wenye ploti, atashinda kwa watu wanane kati ya kumi. Kura ilipopigwa, jamaa alianguka mpaka tukamhurumia. Mzee Isaac alikaa wiki nzima bila kushika simu.

Hakuna aliyemshika Mercyline. Ni yeye aliyebeba fomu zote mia moja kwenye kikapu hadi Kianda, akakosa kwaya Jumapili, akasoma mstari wa kazi katika kila fomu. Keateka. Keateka. Fundi viatu. Keateka. Walikuwa sabini na mmoja. Jumatatu asubuhi alibandika karatasi kwenye mlango wa ofisi, kwa mwandiko wake ule wa kuinamia kushoto: “Tuliwahoji makeateka. Kosa ni langu. M. Nanyama.” Mzee Isaac aliibandua, yeye akaibandika tena. Mara ya tatu mzee aliiacha, na wateja wakaanza kuisoma. Ajabu ni kwamba walizidi kuja.

Tangu hapo alitembea na kopo la majani ya chai lenye vifuniko vya soda vilivyoandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito. Akifika kwenye ploti hutikisa kopo, huchomoa kifuniko, na hiyo namba ndiyo mlango wa kuanzia. Hata ukimpangia pa kuanzia, kopo ndilo lilikuwa na neno la mwisho. Watu wa wagombea walilichukia lile kopo kama polio. Tulikuwa tukisimamisha gari Lindi ya Kibera au Kawangware, mtu anatokea na tabasamu pana, “Mathe, anzia huku, huku kuna watu wazuri.” Mercyline humsalimia, humuuliza habari za watoto, hutikisa kopo, kisha huenda kinyume na anakoelekezwa.

Chombo chake cha pili hakikuwa cha ofisi. Kilikuwa Mbula, mama wa samaki wa kukaanga pale Kianda. Kabla fomu yoyote ya uchaguzi haijachapishwa, Mercyline aliipeleka kwa Mbula jioni na kumsomea swali moja moja huku mafuta yanachemka. Hakuhitaji jibu la Mbula. Alimuuliza kitu kimoja tu: “Nani amenituma?” Mbula akisema hajui, labda serikali, swali limepita. Akitaja mtu, swali lina harufu, linafutwa. Kuna mheshimiwa mmoja aliyetuletea swali lake limeandikwa tayari, kwamba je, unakubali kwamba kiongozi mchapakazi aliyetuletea taa za barabarani anastahili kuongezwa muhula? Mbula hakugeuza hata samaki. “Wa taa ndiye kakutuma. Mwambie ya hapa kwetu imezimika tangu Krismasi.” Swali likarudishwa kwa mwenyewe, na salamu za taa juu yake.

Walioanza kazi kwetu wanamkumbuka kwa mafunzo ya uso. Alikuwa akiwakalisha mbele ya kioo cha choo cha ofisi wasome majina ya wagombea bila kutabasamu wala kukunja kipaji. Aliwaambia wawe na uso wa mtu anayengoja jerikeni lijae. Ukisoma jina moja kwa sauti ya asali na jingine kwa sauti ya dawa ya minyoo, umeshampigia kampeni. Tena kila fomu majina yabadilishe nafasi, kwa sababu watu wamechoka na wengi huchagua la kwanza waende zao kupika. Na lile sanduku la “sijui” alilitetea miaka yote. Wateja walitaka liondolewe, asilimia zao zipendeze. Yeye alisema mtu anayekiri kwamba hajui ndiye mwenye adabu kuliko wote kwenye fomu, usimfukuze.

Siku moja Lindi tulimkuta bwana mmoja anabandika karatasi za rangi kwenye vibanda. “Utafiti wa wananchi”, mgombea wake asilimia 64, mwingine 31, mwingine 22. Mercyline alisimama akajumlisha kwa midomo.

“Kaka, hongera kwa kazi. Mliuliza watu wangapi?”

“Wengi, mathe.”

“Wapi?”

“Kwenye mkutano wetu.”

“Ah. Ni kama mimi niulize kwaya kama wanapenda kuimba. Na hii asilimia kumi na saba iliyozidi mia, ni marehemu?”

Bwana yule alisoma karatasi yake kwa mara ya kwanza. Akaendelea kubandika, lakini kwa aibu, na aibu ni mwanzo mzuri.

Naweza kuendelea hivi hadi pilau ipoe. Lakini nikiacha kuandika yaliyotokea kwenye ua wangu mwaka jana, Mercyline atanisamehe na Rachael hatanisamehe.

Wadi yetu ilikuwa na uchaguzi mdogo wa mwakilishi wadi. Wagombea watatu. Wa kwanza Wakoli, seremala, mtu wa Magharibi ya Kenya, kipenzi cha wapangaji. Wa pili Bi Nduta, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzaliwa wa hapa, kipenzi cha wenye ploti. Wa tatu simtaji, kwa sababu anapenda sana kutajwa.

Rachael ni mpangaji wangu wa chumba namba sita, naye pia mtu wa Magharibi. Amekaa hapo miaka kumi na tisa, anashona sare za shule, na watoto wake wananiita guka kama vile niliwazaa wazazi wao. Mlangoni pake alikuwa amebandika picha ya Wakoli. Sikuwa na neno. Mimi yangu ilikuwa ya Nduta, imebandikwa getini, na kila asubuhi tulitaniana. Yeye huniuliza kama Nduta ataweza kusimama kwenye bunge la kaunti bila kumuuzia spika simiti. Mimi humuuliza kama Wakoli ataketi kwenye kiti chake au ataanza kukipiga randa.

Jumanne moja nikiwa getini simu ikalia. Sauti ya mwanamke, tamu kama mandazi ya iliki. Akasema anafanya utafiti, dakika moja tu. Je, ningempigia Wakoli kura kama ningejua kwamba amepanga kugawia wapangaji ploti za watu?

Nilisema sitampigia hata akisimama peke yake. Akanishukuru, akakata.

Naomba msomaji atue hapa anicheke kwa raha zake. Mimi Kimotho, miaka thelathini na miwili kwenye nyumba ya utafiti, nililimeza swali lile bila kutafuna. Jioni nilifika nyumbani nikauangalia mlango wa Rachael kama anayeangalia panya kwenye unga. Alinisalimia, sikuitika. Nikamwita Vincent, keateka wangu, nikamwambia abandue kila picha ya Wakoli kwenye ploti. Vincent akabandua zote, na kalenda ya kanisa juu yake, kwa bidii.

Nisilolijua ni kwamba Rachael naye alikuwa amepigiwa simu siku moja kabla. Aliambiwa ni utafiti, dakika moja tu. Je, angempigia Nduta kura kama angejua kwamba amepanga na wenye ploti kuwaondoa watu wa Magharibi ili wajenge ghorofa? Alicheka, akaendelea kushona. Kesho yake mwenye ploti hakuitika salamu na picha zikaanza kubanduliwa. Wewe ungefikiria nini? Sisi tuliokuwa hapa mwisho wa mwaka 2007, uchaguzi ulipogeuka ghasia, tunajua watu walihama kwa ishara ndogo kuliko hizo, na waliochelewa kuhama walijuta. Kufikia Alhamisi cherehani ya Rachael ilikuwa imefungwa blanketi. Dadake alishamtafutia chumba Lindi, cha kuhamia Jumapili. Chumba namba tatu na namba nane walikuwa wanafunga mizigo pia. Kwenye ua wangu, mtu aliyekwenda bombani alichota maji akarudi ndani na kufunga mlango.

Alhamisi hiyo hiyo Mercyline alikuja kwa Rachael kupimwa nguo. Alikuta mpimaji hana futi, futi imo kwenye gunia. Rachael alimweleza yote, kisha akamalizia kwa neno ambalo Mercyline hajalisahau hadi leo: “Na waliotupigia ni watu wa utafiti. Si ni nyinyi?”

Alitoka chumba namba sita akanikuta nimeketi kando ya bomba, nimenuna.

“Landilodi, unafukuza watu?”

“Wao ndio wanataka kuninyang’anya ploti.”

“Nani kakwambia?”

“Utafiti.”

Aligeuza jerikeni tupu akalikalia, akatoa kalamu. Akanitaka nilirudie lile swali neno kwa neno, kama shahidi. Nikalirudia. Akaandika. Halafu akaanza, kwa ule uso wake wa jerikeni.

“Alikuuliza umri?”

“La.”

“Unakokaa? Kama umejiandikisha?”

“La.”

“Alikuuliza habari za Nduta na yule mwingine, au Wakoli tu?”

“Wakoli tu.”

“Ungeweza kusema sijui?”

“Alikata kabla sijamaliza kutukana.”

“Mzee Kimotho. Umenisikia nikihoji watu miaka ishirini na sita, wewe umenifungulia mlango wa gari. Huwa nachukua dakika ngapi?”

“Nyingi mno.”

“Na huyu?”

“Nusu dakika.”

“Anayetaka jibu hulingoja. Huyu hakuja kuchukua kitu kwako. Alikuja kuacha.”

Nilisikia masikio yanapata moto. Alimwita Rachael, naye akasema swali lake. Mercyline aliyaandika mawili kando kwa kando. “Kama ungejua kwamba amepanga”, na “kama ungejua kwamba amepanga”. Dakika moja tu, na dakika moja tu. Mashono yaleyale, kitambaa ndicho kimebadilishwa. Wengine uani walianza kusema hata wao walipigiwa, wapangaji swali lile, na majirani zangu wenye ploti hili langu.

Hapo nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Rachael hakuyumba. “Labda yote mawili ni kweli,” alisema. “Labda Wakoli anataka ploti na Nduta anataka kututoa. Kwani kuandika kando kwa kando kunafanya kitu kuwa uongo?” Nikamwona Mercyline anafurahi kabisa, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Alimwambia ana haki ya kutoamini, akamwomba kitu kimoja: asihame Jumapili kabla hawajasikiliza simu moja pamoja. Atakayepigiwa, aweke sauti ya nje, na ajibu upuuzi mtupu. Kama ni utafiti wa kweli, upuuzi utawaudhi. Rachael alikubali kungoja hadi Jumapili adhuhuri. Cherehani alikataa kuifungua.

Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi Mercyline alikuja tangu asubuhi, siku yake ya mapumziko, akakaa uani akichambua mboga za watu wengine. Simu zililia, lakini ni za mashemeji na wateja wa sare. Saa nane Rachael alitoa mizigo yake mlangoni ili kubeba kesho kuwe rahisi. Saa tisa na nusu ikalia simu ya Vincent.

Vincent, mjue, ni keateka wangu, lakini ni mtu wa Vihiga, kule Magharibi, na ana laini mbili. Laini moja imo kwenye orodha ya chama chetu cha wenye ploti, kwa kuwa ndiye hunipokelea simu nikiwa kazini. Nyingine imo kwenye orodha ya chama cha mazishi cha watu wa kwao. Mtu huyo huyo mmoja, kwenye karatasi mbili. Iliyolia ni ya mazishi. Sauti ya mandazi ikajaa uani: utafiti, dakika moja tu, je, ungempigia Nduta kura kama ungejua kwamba amepanga na wenye ploti kuwaondoa watu wa Magharibi? Mercyline alimnong’oneza Vincent. Vincent akakohoa.

“Dada, mimi nina miaka kumi na moja.”

“Asante kwa ushirikiano wako, tunathamini maoni yako.” Ikakata.

Watu wakatazamana. Mama wa namba tatu akasema, “Hajamsikia?” Kabla hajajibiwa, ikalia laini ya pili, ile ya wenye ploti. Sauti ile ile, na kwa nyuma gari la matangazo likipita, lile lile lililosikika kwenye simu ya kwanza. Je, ungempigia Wakoli kura kama ungejua kwamba amepanga kugawia wapangaji ploti za watu? Safari hii Vincent hakungoja kunong’onezwa.

“Mimi siwezi kupiga kura, madam. Mimi ni mbuzi wa Mzee Kimotho.”

“Asante kwa ushirikiano wako, tunathamini maoni yako.”

Kicheko kilichotoka kwenye ule ua kiliwatoa watu wa ploti ya pili. Rachael alicheka hadi akakosa pa kujishikilia, akaketi juu ya cherehani yake ndani ya blanketi, akafuta machozi, akacheka tena. “Mbuzi!” alisema. “Wamemshukuru mbuzi!” Hadi leo Vincent akipita na jani la sukuma, mtu humwambia tunathamini maoni yako.

Kisha kicheko kikageuka. Sauti zikaanza kusema ni yule mgombea wa tatu, ndiye anayefaidi sisi tukigombana, twendeni ofisini kwake, na vijana wawili walishaanza kuokota mawe. Mercyline alipanda juu ya jerikeni, na jerikeni likalia.

“Nani ameona aliyelipa?”

Kijana mmoja akageuza jiwe mkononi.

“Nani ameona risiti, barua, chochote?”

“Lakini mathe, si ni wazi!”

“Hata jibu la makeateka lilikuwa wazi. Hujaona, andika sijui.”

Mawe yakarudi chini. Ninamsifu kwa mengi, lakini kwa hili navua kofia. Alikuwa na ua mzima mkononi, na pia hasira yake mwenyewe, maana watu wale walitumia jina la kazi yake kuwashia moto nyumba za watu. Angesema neno moja tu. Alisema sijui.

Usiku huo aliandika kwa mkono karatasi moja: maswali mawili kando kwa kando, na chini yake, “Ukipigiwa, uliza: nani analipa? Mnauliza wangapi? Naweza kusema sijui? Kisha mwambie wewe ni mbuzi.” Jumapili ilisomwa kanisani kwetu na kwao wapangaji. Jumatatu tuliisoma kwenye mkutano wa wenye ploti, nami nikasimama nikasema mimi ndiye niliyemeza, jambo lililowafurahisha wenzangu kuliko ilivyolazimu. Jumatano Wakoli na Nduta waliketi benchi moja mbele ya duka la Nduta wakaisoma kwa zamu, kila mmoja akiangalia upande wake, lakini walisoma. Karatasi ilifika Lindi, na Mbula akawa anafungia samaki kwa nakala zake. Simu zikakoma wiki ile. Nani alishinda? Sisemi, maana Rachael bado hajakubali. Wa tatu alikuwa wa tatu.

Na Rachael? Jumapili hiyo, kabla ya adhuhuri, nilichukua gundi na picha ya Wakoli nikaibandika mlango namba sita kwa mikono yangu. Kwa haya macho, niliibandika kichwa chini. Alitoka akaitazama, akanitazama.

“Guka, hii ni samahani au ni kampeni?”

“Ni samahani.”

“Basi iache hivyo hivyo.”

Akaingia ndani, nikasikia blanketi linafunguliwa. Namba tatu na namba nane walisikia pia.

Leo mkimwona Mercyline ukumbini amevaa gauni la kijani lenye mikono ya kitenge, mjue limeshonwa kwa cherehani hiyo, chumba namba sita, na fundi aliyekuwa ahamie Lindi. Ndiyo zawadi pekee aliyokubali kabla ya siku. Kopo la vifuniko ameliacha kwa vijana wa vishikwambi, ambao walidhani ni pambo hadi alipowaonyesha kazi yake.

Mercyline, ofisi nzima inakushukuru, hata waliokasirishwa na karatasi yako ya mlangoni. Uendako, iwe ni Bungoma kwa mahindi yako au Kianda kwa samaki wa Mbula, tunakuombea miguu isiyouma, jirani asiyenuna, na kila mlango utakaoubisha ufunguliwe na mwenye nyumba mwenyewe.

Limebaki swali moja. Kila fomu yako, ya unga au ya kura, iliishia kwa maneno yale yale: “Una la kuongeza?” Kisha ukanyamaza, ukangoja, hata kama mtu amekaa kimya dakika tano, na mimi nje kwenye gari nilikupigia honi miaka ishirini na sita. Sasa tunakuuliza sisi. Una la kuongeza? Chukua muda wako, mama. Leo sipigi honi.

Kimotho, getini